Nani Alipe Kilichovunjika Njiani?

Mwenye mali na mchukuzi wake huonana mara mbili: siku ya kukabidhi mzigo na siku ya kuupokea. Katikati hapo mzigo hupita mikononi mwa watu ambao mwenye mali hatawajua kamwe. Hupandishwa na kuteremshwa usiku, hulaliwa na mizigo mizito kuliko wenyewe, hunyeshewa gatini. Ukifika umevunjika, mwenyewe hana shahidi. Mchukuzi naye ana lake asilolijua. Alipokea sanduku lililofungwa, akaambiwa lina vyombo, asijue kama ni sahani za plastiki au kauri iliyorithiwa vizazi vitatu. Kwa hiyo kuna giza la njiani, linalomfunika mwenye mali, na giza la sandukuni, linalomfunika mchukuzi. Jadi za sheria zilizojaribu kuamua nani alipe zimepishana sana katika majibu, lakini nikiziweka kando kwa kando naona zote zilikuwa zikipambana na giza hilo la namna mbili. Zilitofautiana hasa katika lipi kati ya hayo mawili liliogopwa zaidi.

Sheria za mfalme Hammurabi, zilizochongwa kwenye jiwe huko Babeli yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, zinamtaja mwanamaji aliyekodiwa pamoja na chombo chake, akapakiwa nafaka, sufu, mafuta na tende. Akizembea hata chombo kikazama, atalipa chombo na shehena yote. Aliyekabidhiwa fedha, dhahabu au vito avifikishe mahali, akavichukua yeye, atalipa mara tano. Tayari hapo uzembe umetengwa na hiana: mzembe hurudisha thamani ya kilichopotea, na mhaini huadhibiwa juu yake. Lakini sheria hiyo inaanzia pale uzembe unapokuwa umekwisha kujulikana. Namna ya kuujua, wakati mwenye mali hakuwapo, imeachwa mikononi mwa mwamuzi.

Waroma ndio walioligeukia giza la njiani waziwazi. Pretori, hakimu mkuu wa mji, alitangaza kwamba manahodha, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi watawajibika kwa kila walichopokea wakaahidi kukitunza salama, wasipokirudisha. Mwanasheria Ulpian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alieleza sababu bila kuzungukazunguka: watu hawana budi kuwaamini wachukuzi hawa, na bila ukali huo wachukuzi wangepata mwanya wa kula njama na wezi. Kulikuwa na kizuizi kimoja, kilichonasibishwa na Labeo, mwanasheria aliyemtangulia: meli ikivunjika baharini au maharamia wakivamia, mchukuzi ana utetezi. Yasiyofikia hapo ni juu yake, awe amezembea au hakuzembea.

Karibu miaka 1,500 baadaye hoja hiyohiyo ilisikika London. Katika kesi ya Coggs na Bernard ya mwaka 1703, mapipa ya brandi yalihamishwa kutoka ghala moja hadi jingine, pipa moja likapasuka na pombe ikamwagika. Bernard, aliyeyahamisha, hakuwa mchukuzi wa kulipwa, lakini Jaji Mkuu John Holt aliitumia nafasi hiyo kuwapanga watu wa kila aina wanaoshika mali ya wenzao. Alipofika kwa mchukuzi wa umma akasema, kama Ulpian, kwamba sheria lazima imbane kwa sababu angeweza kushirikiana na wezi na asijulikane. Utetezi wake ukabaki kwa mambo mawili: tendo la Mungu na maadui wa mfalme. Mwaka 1785, katika kesi ya Forward na Pittard, moto ulioanzia mbali na kibanda cha mchukuzi uliteketeza shehena ya hopi, mmea unaotiwa katika bia. Hakuna aliyemlaumu mchukuzi kwa uzembe. Hata hivyo Jaji Lord Mansfield aliamua alipe, kwa kuwa moto ule haukuwashwa na radi. Mchukuzi wa Kiingereza akawa, kwa hakika, mwenye kutoa bima.

Ukitoka London ukaenda mji wa Kufa, Iraki, swali ni lilelile lakini pa kuanzia ni kwingine. Fiqhi ya Kiislamu huanza na amana: aliyeshika mali ya mwenzake kwa idhini yake hasadikiwi kuwa mwizi mpaka ithibitike. Akiharibikiwa nayo bila kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Msimamo huu unamheshimu mfanyakazi, na ungeweza kuishia hapo. Lakini mafakihi waliyaona masoko kwa macho yao. Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi, mtia rangi na sonara, vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa hoja kwamba mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Tangu hapo mjadala haukuacha, na uzuri wake uko katika namna kila imamu alivyochora mstari mahali pake.

Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alikiweka kitu mikononi mwa mchukuzi kama amana, lakini akamtoza kwa kile kilichotokana na tendo lake mwenyewe. Hamali akiteleza na mzigo ukavunjika, au kamba aliyofungia mzigo ikikatika, atalipa hata kama hakukusudia. Watu wakimsukuma katika msongamano, halipi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walikwenda mbele zaidi: mchukuzi anayewatumikia watu wote alipe kila kinachoweza kuepukika, wizi ukiwamo, na asamehewe moto uliofurika au uvamizi wa wenye silaha. Malik wa Madina alimwacha mchukuzi wa mizigo ya kawaida katika amana, akambana mchukuzi wa chakula peke yake, kwani chakula ndicho kinachomtamanisha aliyenacho. Na kwa Shafii, imamu ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, rai yenye nguvu zaidi ni kwamba mchukuzi asiyezembea halipi. Mwanafunzi wake al-Rabi husimulia kwamba Shafii alikuwa akiiamini rai hiyo na akichelea kuitangaza, kwa hofu ya mafundi wabaya na makadhi wabaya. Katika simulizi hiyo fupi nasikia shida yote ya fidia: sheria iliyo ya haki kwa mwaminifu huweza kugeuka ngao ya mdanganyifu.

Tukilinganisha, Holt alimtazama mchukuzi mbaya na kuiandika sheria kwa ajili yake. Fiqhi ilimtazama mchukuzi mwema, kisha ikatafuta kiasi cha ukali ambacho masoko yangehitaji. Ya kwanza ina faida ya uhakika, kwa sababu mwenye mali hahitaji kuthibitisha jambo ambalo hakuliona. Ya pili ina faida ya uadilifu, kwa sababu maskini aliyebeba kwa ujira mdogo hafilisiki kwa msiba ambao hakuuleta. Mwishowe zilikaribiana sana. Majalla, sheria za madai za dola ya Uthmaniya zilizokamilika mwaka 1876, zilimtoza mchukuzi wa umma uharibifu uliotokana na tendo lake, awe amevuka mpaka au la. Na Waingereza wenyewe, kama tutakavyoona, walilegeza ukali wao.

Kilichowalegeza ni giza la sandukuni. Mwaka 1769 mtu mmoja alitaka kupeleka paundi 100 kwa gari la farasi la Birmingham. Alizificha ndani ya nyasi kavu, akazitia katika mfuko mkuukuu wa misumari, akaukabidhi kama mzigo wa hivihivi. Mchukuzi alikuwa ametangaza gazetini kwamba hatawajibika kwa fedha wala vito bila kuarifiwa. Fedha zikapotea. Katika kesi hiyo ya Gibbon na Paynton, mwenye fedha alishindwa. Aliyemnyima fidia ni Mansfield yuleyule ambaye baadaye angemtoza mchukuzi asiye na kosa. Kwake hapakuwa na mgongano: mchukuzi hubeba hatari kwa malipo, na malipo hupimwa kwa hatari, kwa hiyo anayeificha thamani ameiba sehemu ya nauli na pia amemnyima mwenzake nafasi ya kuwa mwangalifu.

Bunge la Uingereza lililifanya wazo hilo kuwa sheria mwaka 1830. Vitu vilivyotajwa katika Sheria ya Wachukuzi, kama dhahabu, saa, picha za kuchora, vioo, kauri, hariri na manyoya, vikizidi thamani ya paundi 10 vilipaswa kutajwa wakati wa kukabidhi, na nauli ya ziada ilipwe. Mwenye mali asipotaja, hapati kitu. Sehemu inayosahauliwa ni wajibu wa upande wa pili. Mchukuzi alitakiwa kubandika ofisini kwake, kwa herufi zinazosomeka, tangazo la nauli hizo za ziada, na kutoa risiti akiombwa. Asipofanya hivyo, kinga ya sheria inamponyoka. Kila upande uliwekewa jambo la kusema kabla gari halijaondoka.

Wajapani wana kanuni inayofanana. Sheria yao ya biashara ya mwaka 1899, iliyochota mengi kutoka Ujerumani, inasema mchukuzi hawajibiki kwa vitu vya thamani ambavyo aina na bei yake havikutajwa. Huduma ya vifurushi vya nyumba kwa nyumba iliyoanzishwa na Yamato mwaka 1976 nayo ina kikomo kinachojulikana, yeni 300,000 kwa mzigo. Marekani ilipita njia yenye mvutano zaidi. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ilizikataza reli kujivua uwajibikaji wa uzembe wao kwa masharti ya mkataba. Lakini mwaka 1913, katika kesi ya Adams Express na Croninger iliyohusu pete ya almasi iliyopotea, iliruhusu kikomo cha dola 50, kwa kuwa mtumaji hakutaja thamani na alitozwa nauli ya chini. Mjapani na Mmarekani wanakubaliana juu ya kutaja thamani. Wanapishana juu ya nini kifuate kwa asiyetaja: kwa Mjapani sheria inamwacha mikono mitupu, kwa Mmarekani anabaki na kiasi kilichoandikwa kwenye risiti.

Kuna hasara moja ambayo haina giza lolote, kwa sababu hutendwa mbele ya macho ya wote. Bahari inapochafuka, nahodha huamuru shehena itupwe ili chombo kipone. Sheria ya kisiwa cha Rhodes, ambayo Waroma waliipokea, ilisema kilichotolewa kwa ajili ya wote kilipwe na wote, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake iliyookoka. Mafakihi wa Kimaliki wana fikra iliyo jirani na hiyo, na Muhammad bin Umar al-Kinani, aliyefariki mwaka 923, alitunga kitabu kizima juu ya ukodishaji wa vyombo na magomvi ya waliomo. Kwa madhehebu ya Shafii mambo ni tofauti. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana pwani yetu, anayetupa mali ya mwenzake bila idhini ndiye anayelipa. Na mtu akisema, tupa mali yako nami ni mdhamini, basi neno lake linamfunga. Rhodes iliwafanya wasafiri wa chombo kimoja kuwa washirika wa msiba hata kama hawakupatana. Nawawi alihitaji mtu mmoja asimame na kuahidi. Wa kwanza alithamini usawa, wa pili alithamini ridhaa, na vyote viwili ni misingi mizito.

Ya Rhodes ndiyo iliyotawala bahari za dunia. Meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja. Wafanyabiashara ambao mizigo yao ilikuwa salama kabisa walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa. Waliokuwa na bima waliziachia kampuni za bima kazi hiyo. Wasiokuwa nayo walilazimika kutoa dhamana kutoka mifukoni mwao.

Mikataba ya kimataifa ya karne iliyopita imejaribu kuwatendea haki mwenye mali na mchukuzi kwa pamoja, nayo pia haifanani. Kanuni za The Hague za mwaka 1924 zilimpa mwenye meli orodha ndefu ya visamaha, kimojawapo makosa ya nahodha wake katika kuongoza chombo, na kuweka kikomo cha paundi 100 kwa kila furushi. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1992, ziliifuta orodha hiyo. Mzigo ukiharibika mikononi mwa msafirishaji, huchukuliwa kwamba kosa ni lake mpaka athibitishe kuwa yeye na watu wake walichukua kila hatua iliyostahili. Kenya, Tanzania na Uganda zimejiunga na Hamburg. Mataifa mengi makubwa yenye meli nyingi hayakujiunga, na hati za shehena za kampuni nyingi kubwa huchagua zenyewe kanuni za kundi la The Hague. Mwenye kontena la Mombasa au Dar es Salaam yuko mahali ambapo mikondo hiyo miwili inakutana, na inampasa kusoma hati yake.

Tazama hesabu ilivyo. Chini ya Hamburg, fidia ya furushi moja haizidi SDR 835, au SDR 2.5 kwa kila kilo, kinachozidi ndicho hushikwa. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huzidi dola moja ya Marekani. Hati ikiandika masanduku 40 ndani ya kontena, kikomo ni 835 mara 40, yaani SDR 33,400. Ikiandika kontena moja tu bila kuyaorodhesha, masanduku yote 40 yanahesabiwa furushi moja. Angani, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 ni mkali zaidi, na kwa vitu vyepesi ni bahili zaidi. Msafirishaji wa shehena anawajibika bila kujali kosa, isipokuwa kwa mambo machache kama kasoro ya mali yenyewe, ufungaji mbaya, au vita. Lakini kikomo chake, SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, hakivunjiki hata kwa kuthibitisha uovu wa makusudi. Televisheni ya kilo 20 inafikia SDR 520, ambazo huenda zikatosha. Mkufu wa dhahabu wa nusu kilo unapata SDR 13. Njia ya kuvuka kikomo ni ileile ya mwaka 1830: kutaja thamani wakati wa kukabidhi na kulipa nauli ya ziada.

Mikataba hiyo inapishana pia katika subira yake. Kwa Montreal, malalamiko ya shehena iliyoharibika yaandikwe ndani ya siku 14. Kwa Hamburg, uharibifu unaoonekana uarifiwe kufikia siku ya kazi inayofuata, na usioonekana ndani ya siku 15. Mkataba wa The Hague unatoa siku 3 kwa usioonekana, na mwaka mmoja wa kushtaki pale ambapo mingine miwili inatoa miaka 2. Kote, anayeweka saini kuwa mzigo umefika salama kabla ya kufungua sanduku amemrahisishia mchukuzi utetezi wake.

Tukirudi nyumbani, mizigo yetu mingi haipiti katika mikataba hiyo. Inapita kwenye mabuti ya mabasi. Ukienda kwenye ofisi ya vifurushi katika kituo cha mabasi cha Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, au zile za River Road jijini Nairobi, utaona redio, simu, dawa, mashine za kushonea na vioo vya kabati vikipokelewa alfajiri hadi usiku. Karani anauliza kuna nini ndani, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, anakata risiti. Nyuma ya risiti nyingi imeandikwa kwamba kampuni haitahusika na vitu vinavyovunjika. Mara chache sana karani huuliza vina thamani gani. Kwa hakika mizigo mingi hufika salama, na nadhani sababu kubwa ni kwamba makarani, makondakta na wapagazi bado wanaona amana kuwa ni amana. Makadhi wa Kenya leo, kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, wanahukumu mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu tu. Fiqhi ya uchukuzi haina tena mahakama kwetu, lakini maadili yake yanaishi katika kazi za watu.

Maadili hayo ni hazina, ila hayamfai aliyevunjiwa. Mfumo wetu wa basi umechukua upole wa Shafii kwa mchukuzi bila kuchukua hofu yake, na umechukua kinga ya Waingereza bila lile tangazo la ukutani lililoipa uhalali. Katiba hiyohiyo ya Kenya, ibara ya 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kulipwa kwa hasara itokanayo na kasoro ya huduma. Maneno yaliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya risiti hayapaswi kuishinda haki hiyo kirahisi.

Wenye mali nasi tuna letu la kukiri. Wengi wanaotuma mizigo kutoka Dubai, Guangzhou au London huandikisha bei ya chini kwenye ankara ili kupunguza ushuru. Mzigo ukivunjika, ankara hiyohiyo ndiyo inayotolewa na mchukuzi kuwa kipimo cha fidia. Aliyeandika kwamba kamera yake ni ya dola 50 atalipwa kama mtu mwenye kamera ya dola 50, na hoja iliyomshinda mwenye mfuko wa misumari itamshinda naye.

Jadi nilizozitaja, zikiwekwa pamoja, zinadai mambo mawili. Aliyekuwa njiani ndiye aeleze yaliyotokea njiani, na anayejua kilichomo sandukuni ndiye akitaje. Roma, Hamburg na wanafunzi wa Abu Hanifa walisisitiza la kwanza. Mansfield na Wajapani walisisitiza la pili. Sheria ya 1830 iliyafunga yote mawili pamoja. Ofisi zetu za vifurushi zinaweza kuyafunga pia, bila kungoja bunge wala mkataba mpya. Bango la nauli kwa viwango vya thamani libandikwe mahali linaposomeka. Karani aulize thamani na kuiandika kwenye risiti. Mteja aitaje bila kuipunguza, alipie kiwango chake, na afungue mzigo mbele ya karani kabla ya kuweka saini. Kisha ukivunjika, mchukuzi ndiye aanze kueleza, na akishindwa kueleza, alipe kile kilichoandikwa.